Pampu Isiyosubiri Ruhusa ya Mbali: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba Moja ya Wageni Mtwara

Nyumba inayochambuliwa hapa ni nyumba ya wageni yenye vyumba tisa iliyoko Shangani, mjini Mtwara, umbali mfupi kutoka baharini. Maji ya bomba huingia kwanza katika tangi la zege lililochimbiwa ardhini, kisha pampu ya hosipawa moja huyapandisha hadi kwenye tangi la plastiki la lita 5,000 lililokaa juu ya mnara nyuma ya jiko. Mwenye nyumba ni mama mstaafu ambaye msimu wa korosho unapofika huhamia shambani kwake upande wa Newala, na kwa sababu hiyo watoto wake walimnunulia vifaa vya kumwezesha kuiangalia nyumba kwa simu: swichi ya pampu na sensa ya kina cha maji kutoka kwa mtengenezaji mmoja, taa za korido kutoka kwa mwingine, na kitasa cha kielektroniki cha mlango wa mbele kutoka kwa wa tatu. Kila mtengenezaji alikuja na programu yake ya simu, akaunti yake na nenosiri lake, na zote tatu zilikaa kwenye simu ya binti wa mapokezi.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu katika eneo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika au kukatika kabisa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Shangani umeme ulikuwepo. Ruta ya nyumba ilikuwa inawaka, na simu, swichi na sensa zote zilikuwa bado zimeunganishwa na Wi-Fi ile ile. Hata hivyo pampu, iliyokuwa imeshaanza kuvuta maji, haikuzimika tangi la juu lilipojaa. Maji yalimwagika uani mpaka tangi la chini likakauka, pampu ikaendelea kuzunguka bila maji, na sili yake ikaungua. Kupata sili nyingine nako kulichukua muda, kwa kuwa barabara ya Dar es Salaam ilikuwa imetoka kukatika eneo la Somanga, Kilwa, kutokana na mafuriko yaliyoambatana na Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa mwezi huo huo.

Nilipoitwa, baada ya shikamoo na marahaba, mama aliuliza swali ambalo lingefaa kuulizwa dukani kabla ya kununua: “Mwanangu, maji yangu yana uhusiano gani na waya ulioko baharini huko Msumbiji?”

Uhusiano ulikuwepo, na ulikuwa umejengwa kwa makusudi na mbunifu wa vifaa hivyo. Sensa ya tangi haikuwa inazungumza na swichi ya pampu. Ilikuwa inatuma kipimo chake kwa seva ya mtengenezaji iliyo nje ya nchi, na seva hiyo ndiyo iliyokuwa ikiamua kwamba tangi limejaa, kisha kurudisha amri kwa swichi iliyo mita chache tu kutoka kwenye sensa. Siku taarifa iliposhindwa kwenda, amri nayo haikurudi. Linalostahili kuangaliwa kwa makini hapa ni kwamba vifaa hivi viwili vilitoka kiwanda kimoja, viliuzwa pamoja, na vilionekana katika programu moja ya simu. Watu wengi wanaposikia habari ya vifaa vya nyumbani kuelewana hufikiri tatizo ni chapa mbalimbali kukataana, na kwamba dawa yake ni kununua kila kitu kwa mtengenezaji mmoja. Kisa hiki kinaonyesha kwamba hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kushindwa kusemezana wakiwa chumba kimoja, ikiwa kila neno lao limewekewa sharti la kupitia kwa mtu wa mbali.

Kwa hiyo swali la ubunifu lililotuongoza katika kazi nzima lilikuwa moja: kifaa kikibaki peke yake, bila intaneti, bila ruta, bila simu ya mtu yeyote, je, kitaendelea kutimiza wajibu wake wa msingi? Kuelewana na vifaa vingine huja baada ya hapo. Kifaa ambacho hakiwezi kufanya kazi yake mpaka kingine kikiambie la kufanya, kwangu mimi ni kifaa tegemezi, hata kama boksi lake limejaa nembo za kila kampuni kubwa.

Kilichokutwa ndani ya boksi

Kabla ya kuchora chochote tulifungua boksi la swichi ya zamani lililokuwa limefungwa kwenye ukuta wa kibanda cha pampu. Skrubu za waya zilikuwa zimeota ukoko wa kijani, ule ambao chumvi ya bahari huuacha kwenye shaba, na waya mmoja ulichomoka kwa kuguswa tu. Tundu la kupitishia waya lilikuwa upande wa juu, halikuzibwa, na mjusi mdogo aliyekauka alikuwa amelala kati ya vituo viwili vya umeme wa volti 230. Nyumba za pwani zinafahamu habari hii: mijusi na sisimizi hupenda joto la saketi, na saketi haiwapendi wao.

Tulipoifungua rilei yenyewe, yaani swichi ya ndani inayovutwa na sumaku ya umeme, vidole vyake vya mguso vilikuwa vimeungua na kuchimbika. Swichi ile iliandikwa uwezo wa ampea 16, na mnunuzi yeyote angeona unatosha, kwa kuwa pampu ya hosipawa moja hula takriban ampea 5 ikishachanganya. Lakini mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo unaoweza kufikia mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na namba iliyoandikwa kwenye swichi nyingi za aina hiyo ni ya mzigo mtulivu kama hita au pasi. Vidole vya rilei vikipigwa na mkondo wa kuanzia kila siku, mwisho wake hugandana, na vikigandana hakuna amri ya simu wala ya seva itakayoizima pampu. Kwa maneno mengine, hata kama nyaya za baharini zisingekatika, nyumba hii ilikuwa inaelekea kwenye ajali ile ile kwa njia nyingine. Nalitaja hili mapema kwa sababu mijadala ya nyumba janja hukimbilia haraka kwenye programu, na kifaa hufa kwa skrubu iliyolegea.

Sehemu ya umeme mkubwa ilifanywa upya na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji nchini, na mimi sikuigusa. Pampu ilipewa kontakta, yaani swichi nzito inayovutwa na koili ya sumaku, yenye ovalodi yake ya kuizima mota ikizidiwa, na koili hiyo huendeshwa kwa volti 24 kutoka kwenye transfoma ndogo. Floti mbili, yaani swichi zinazoelea na kufungua au kufunga saketi maji yanapopanda au kushuka, ziliwekwa, moja katika tangi la chini na nyingine katika tangi la juu, nazo hupitisha volti hizo hizo 24, ili chochote kinachozama majini kisibebe umeme wa kuua. Floti ya tangi la chini iliungwa kwa mfululizo na koili: maji yakiisha, koili inakosa umeme na kontakta inaachia, bila programu yoyote kuulizwa. Kwenye mlango wa boksi kuna swichi ya hatua tatu, yaani mkono, sifuri na otomatiki. Ukiiweka kwenye mkono, sehemu yote ya kielektroniki inarukwa, lakini floti ya chini na ovalodi zinabaki kazini. Umbali kutoka mnarani hadi kibandani ni mfupi, hivyo floti ya juu nayo ilivutiwa waya ndani ya bomba la plastiki. Nilipendekezewa na wenzangu kutumia sensa ya redio yenye betri, nikakataa. Mawasiliano yanayolinda mota hayapaswi kupita hewani pale ambapo waya unafika.

Kuchagua lugha ya pamoja

Baada ya usalama wa pampu kukaa kwenye nyaya, ndipo tulipouliza itazungumzaje na nyumba. Njia ya kwanza iliyofikiriwa ilikuwa MQTT, itifaki, yaani kanuni za kutumiana ujumbe, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, jambo ambalo msomaji wa Mtwara, jirani wa mtambo wa gesi wa Madimba, hatapata shida kulielewa. MQTT ni nyepesi na imara, lakini haisemi ujumbe uwe na maana gani: fundi mmoja ataandika kwamba pampu “imewaka”, mwingine ataandika namba moja, na kila kifaa kipya kitahitaji mtu wa kutafsiri. Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani, huja na misamiati yake iliyopangwa vizuri, ila inahitaji kitovu maalumu, na wakati mwingine mtengenezaji hukifunga kitovu chake kisiongee na wengine.

Njia iliyochaguliwa ni Matter, kiwango cha pamoja cha kuwezesha vifaa vya nyumbani vya watengenezaji mbalimbali kuelewana. Kazi ya kiwango hiki ilitangazwa Desemba 2019 na Amazon, Apple, Google pamoja na muungano uliojulikana wakati huo kama Zigbee Alliance. Mwaka 2021 muungano huo ukabadili jina na kuwa Connectivity Standards Alliance, na toleo la kwanza la Matter likatoka Oktoba 2022. Toleo la 1.3, lililoongeza vali za maji na sensa za kuvuja, lilitoka Mei 2024, mwezi ule ule pampu ya Shangani ilipoungua. Sifa zake zilizotuvutia ni chache. Ujumbe husafiri ndani ya nyumba kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao, juu ya Wi-Fi, waya wa Ethernet, au Thread, redio ya vifaa vinavyotumia umeme kidogo, bila kuhitaji akaunti wala seva ya nje. Kifaa kipya hukaribishwa kwa Bluetooth na msimbo wa QR au namba ya tarakimu 11. Na kifaa kimoja kinatakiwa kuweza kusimamiwa na makundi yasiyopungua matano kwa wakati mmoja, hivyo simu ya mapokezi, kituo cha nyumba na spika ya mtoto wa mwenye nyumba vyote vinaweza kukiona kwa usawa.

Kituo cha nyumba ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inayoendesha Home Assistant, programu huria ya kusimamia vifaa vya nyumbani iliyoanza mwaka 2013. Msomaji makini atauliza: ikiwa kila kitu kinaishia kwenye Home Assistant, Matter ya nini, si MQTT ingetosha? Kwa siku ya kwanza ingetosha. Lakini mfumo wa namna hiyo unamfunga mwenye nyumba kwa fundi aliyeujenga, na fundi huhama, huugua, au hupata kazi Dar es Salaam. Miezi michache baadaye mtoto mmoja wa mama alileta spika ya Google inayoweza kuwa kituo cha Matter, na pampu ikaongezwa humo huku ikibaki kwenye Home Assistant, bila mstari hata mmoja wa programu ya pampu kubadilishwa. Hapo ndipo gharama ya kujifunza Matter ilipolipa.

Bodi na pini namba 9

Bodi ya majaribio tuliyotumia imejengwa kwa chipu ya ESP32-C6 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai. Bodi za aina hii huuzwa kwa chini ya dola 10 za Marekani kabla ya usafirishaji, na ndani yake kuna Wi-Fi, Bluetooth na redio ya 802.15.4 inayotumiwa na Thread na Zigbee. Programu ya kuiandikia hutolewa bure, na yeyote aliyewahi kuandika mistari michache kwenye Arduino anaweza kuanza na mifano ya Matter iliyo tayari, ingawa kwa kifaa kitakachokaa kazini miaka mingi nilipendelea zana kamili za kuandikia programu za Espressif yenyewe, kwa kuwa zinaruhusu kuweka msimbo wa kipekee wa kila kifaa na kuandaa utaratibu wa kusasisha programu kwa mbali. Tulitumia Wi-Fi badala ya Thread kwa sababu boksi lina umeme wa kudumu, na Thread ingehitaji kifaa kingine cha kuiunganisha na mtandao wa nyumba.

Urahisi wa bodi hizi una mtego wake, na mmoja unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu unahusu hali ya umeme wetu. Katika ESP32-C6 baadhi ya pini, yaani miguu ya kuunganishia nyaya, husomwa na chipu mara tu inapopata umeme, ili iamue iamkeje. Pini namba 9 ni mojawapo: ikikutwa imevutwa chini wakati huo, chipu haiendeshi programu yako, bali inakaa kusubiri kuandikwa programu mpya kutoka kwenye kompyuta. Mezani hilo halionekani kamwe, kwa kuwa bodi huwashwa na mtu aliyekaa mbele yake. Sasa fikiria floti imeungwa kwenye pini hiyo. Umeme unakatika saa tisa usiku tangi likiwa nusu, floti ikiwa imefunga saketi. Umeme unarudi, chipu inakuta pini iko chini, inaingia katika kusubiri, na asubuhi wageni tisa wanafungua bomba la kuogea hakuna maji. Bodi ni nzima, programu ni sahihi, Wi-Fi ipo. Kwa hiyo floti zetu zilipelekwa kwenye pini ambazo hazihusiki na uamkaji, kupitia optokapla, kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme wa pande mbili, na pini namba 9 ikaachiwa kitufe chake tu.

Umeme unaporudi, mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda kabla ya kutulia. Programu imeagizwa isubiri dakika tatu kabla ya kuruhusu kontakta ivute, kama friji gadi inavyofanya kwa friji. Pia kuna kikomo cha muda wa kuvuta. Pampu hii hupandisha takriban lita 40 kwa dakika, hivyo tangi tupu la lita 5,000 hujaa kwa dakika 125. Ikipita dakika 150 bila floti ya juu kuinuka, programu inazima na kuonyesha hitilafu, kwa kuwa ama bomba limepasuka au floti imekwama.

Bodi ilipakwa vanishi ya kuzuia unyevu, ikawekwa kwenye boksi lisilopitisha maji, na nyaya zote zikaingilia upande wa chini kupitia glandi. Mjusi atafute kwingine.

Pampu iseme nini kuhusu yenyewe

Katika Matter kifaa hujigawa katika sehemu, na kila sehemu hutangaza ni ya aina gani na ina sifa na amri zipi. Hapa ndipo ubunifu halisi wa kuelewana ulipo, na hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Aina ya “pampu” ipo katika kiwango, na ukweli ungedai tuitumie hiyo. Lakini kuwepo kwa aina katika kiwango hakumaanishi kwamba kila programu ya simu itaionyesha. Programu nyingi za watumiaji hushughulikia vizuri taa, soketi, sensa na vitasa, na kifaa cha aina isiyozoeleka huonekana nusu au hakionekani kabisa. Ukitangaza soketi ya kuwasha na kuzima, kila programu itaielewa. Mbunifu anajikuta kati ya kusema ukweli ambao wachache wataupokea na kusema jambo la jumla ambalo wote wataliona. Tulichagua soketi, tukaipa jina lililo wazi la “Pampu otomatiki”, tukaongeza sensa tatu za mguso, zile ambazo kwa kawaida hutumika kuonyesha kama mlango umefungwa au uko wazi: tangi la juu limejaa, tangi la chini lina maji, kontakta imevuta. Nakiri kwamba sensa ya mguso katika simu huchorwa kama mlango, na mama alicheka alipoona tangi lake lina picha ya mlango ulio wazi. Ni dosari ya sura, si ya maana, na jina lililo chini ya picha linaondoa utata.

Suala gumu zaidi lilikuwa hali ya “kuwashwa”. Tuseme binti wa mapokezi anabonyeza kuwasha wakati tangi la chini ni tupu. Floti itazuia kontakta isivute. Je, soketi ioneshe imewashwa au imezimwa? Ikionesha imewashwa, simu inasema uongo kwa sababu maji hayapandi. Ikijirudisha kuzimwa, mtumiaji ataona kitufe kinachomgomea, atabonyeza tena na tena, na otomatiki za Home Assistant zinazotegemea hali hiyo zitaanza kugombana na kifaa. Tulilitatua kwa kutenganisha mambo mawili ambayo swichi ya zamani iliyachanganya. Kuwasha kunamaanisha kwamba pampu imeruhusiwa kujiendesha. Kuzima kunamaanisha imekatazwa. Kama maji yanapanda kwa sasa au la, hilo ni jambo la sensa ya kontakta, na hakuna mtu wala programu ya nje inayoweza kuliamuru moja kwa moja. Simu inaweza kuikataza pampu, haiwezi kuilazimisha.

Mpangilio huo unafanya kifaa kivumilie washirika wabaya. Spika ikisikia vibaya, mtoto akichezea simu, au kituo kikituma amri mara mia, kibaya zaidi kinachoweza kutokea ni pampu kukatazwa, na swichi ya mkono ipo mlangoni. Ruhusa hiyo pia huhifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika, ili umeme ukirudi kifaa kirejee kilipokuwa badala ya kusubiri kuambiwa.

Majaribio na tatizo la Wi-Fi ya wageni

Majaribio yalifuata mpangilio wa kunyang'anya. Tulichomoa waya wa nje wa ruta: pampu iliendelea, na simu ya mapokezi ikaendelea kuiona. Tukazima Raspberry Pi: pampu iliendelea, simu ikapoteza habari. Tukazima ruta yenyewe: pampu iliendelea. Tukakata umeme mzima na kuurudisha floti zikiwa katika kila hali inayowezekana. Mwisho tukatoa bodi nzima kwenye soketi yake na kuendesha kwa mkono.

Tatizo lililojitokeza halikutoka kwenye pampu. Siku ya kwanza simu ya mapokezi haikuweza kuona kifaa chochote, wakati kompyuta yangu ilikiona vizuri. Sababu ni kwamba simu ilikuwa kwenye Wi-Fi ya wageni. Mtandao wa wageni huzuia vifaa visionane, na hufanya hivyo kwa sababu njema, kwa kuwa hakuna anayetaka mgeni wa chumba namba nne achungulie kompyuta ya mgeni wa chumba namba tano. Vifaa vya Matter hutafutana kwa kutangaza majina yao kwa wote ndani ya mtandao, na tangazo hilo halivuki ukuta huo. Suluhisho halikuwa kuubomoa ukuta. Tuliweka mtandao wa tatu kwa ajili ya vifaa na simu ya mapokezi pekee, wa gigahezi 2.4 kwa kuwa ESP32-C6 haina 5, na tukahakikisha IPv6 imewashwa ndani ya ruta. Wengine hudhani kwamba kampuni ya intaneti isipotoa IPv6, Matter haiwezi kufanya kazi. Anwani za ndani zinazoanza na fe80, ambazo kila kifaa hujipa chenyewe, zinatosha.

Mama akiwa Newala huiona nyumba kupitia njia iliyofungwa kwa siri kutoka kwenye simu yake hadi kwenye Raspberry Pi. Intaneti ikikatika anapoteza kuona tu.

Taa za korido zilikuwa za Zigbee, hivyo zilihamishwa kutoka kwenye kitovu chao hadi kwenye kidude cha USB kilichochomekwa kwenye Raspberry Pi, na hakuna balbu iliyotupwa. Viyoyozi tuliviacha na rimoti zake: mwanga wa infraredi huenda upande mmoja, kiyoyozi hakijibu, na kifaa kitakachodai kujua hali ya kiyoyozi bila kujibiwa kitakuwa kinabahatisha. Kitasa cha kielektroniki kiliondolewa na funguo za kawaida zikarudi. Kutengeneza kitasa kwa bodi ya majaribio ni jambo nisilolishauri kwa mlango ambao wageni wanalala nyuma yake, na kumbukumbu za nani alitoka saa ngapi ni taarifa binafsi zinazoangukia chini ya sheria ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa hizo.

Mpaka wa kazi ya mezani

Kifaa hiki hutumia utambulisho wa majaribio ambao Matter imeutenga kwa wabunifu, namba inayoanzia 0xFFF1. Kwa hiyo programu za simu hutoa onyo kwamba hakijathibitishwa, na ili spika ya Google ikipokee ilibidi kwanza kukisajili kwenye akaunti ya wabunifu. Msimbo wa mfano unaokuja na bodi, 20202021, ulibadilishwa, kwa sababu ni ule ule duniani kote na kila anayesoma mwongozo anaujua.

Majirani wawili wenye nyumba za wageni waliomba watengenezewe kama hicho. Kukijenga kimoja kwa ajili ya nyumba moja, mwenyewe akijua kilivyo, ni jambo moja. Kukiuza ni jingine. Muuzaji anahitaji uanachama wa muungano, utambulisho wake mwenyewe, vipimo vya maabara na cheti ndani ya kila kifaa, na hapa nchini chombo cha redio kinahitaji idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Moduli ya redio iliyokwisha kupimwa nje hupunguza kazi hiyo, haiifuti. Niliwashauri wanunue kidhibiti cha pampu cha kawaida chenye floti za waya kwanza, kwa kuwa asilimia kubwa ya faida iliyopatikana Shangani ilitoka kwenye floti na kontakta, kisha tuone kama wanahitaji zaidi.

Siku ya kukabidhi, mama aliuliza: “Na ikigoma saa nane usiku, mwanangu, nikupigie wewe?” Nilimwonyesha swichi ya hatua tatu, naye akaigeuza mwenyewe mpaka kwenye mkono, akasikiliza kontakta ikivuta, akairudisha. Ndani ya mlango wa boksi imebandikwa karatasi iliyofunikwa plastiki yenye mchoro wa nyaya na namba za pini. Nakala ya programu, orodha ya vipuri na msimbo wa kuunganishia vimo katika bahasha kabatini kwake, pamoja na bodi moja ya akiba ambayo imeshaandikwa programu hiyo. Kazi iliyobaki ni kuhamia kwenye aina kamili ya pampu pale programu za simu zitakapoanza kuionyesha, na hilo litafanyika kwa kusasisha programu bila kufungua boksi.